Udogo wa Mama Mdogo

Uongozi wa chuo una furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la majonzi limepatiwa ufumbuzi. Kuanzia muhula huu hakuna mwanafunzi atakayehuzunika kiholela. Huzuni yote itapokelewa, itapimwa na itapewa daraja lake, na yule ambaye huzuni yake haitafikia kiwango atashauriwa achangamke.

Tangazo hilo lilibandikwa juu ya mlango na Katibu mwenyewe, bila ngazi. Alikuwa mwanamke mrefu, wa kuinama kila anapoingia chumbani, na wanafunzi walimwita Mlingoti akiwa hayupo. Aliipenda kazi yake kwa dhati. Aliamini kwamba jambo lisiloandikwa kwenye muhtasari wa kikao halijatokea, na kwamba lililoandikwa, hata kama halikutokea, linastahili heshima.

Sababu za kuunda Kamati ya Upimaji wa Majonzi zilikuwa nzito. Kila mitihani ikikaribia, bibi za wanafunzi walikuwa wanakufa kama wameambizana. Bibi mmoja alifariki mihula mitatu mfululizo, mara zote ghafla. Mwanafunzi akipata alama mbovu na akataka kuhamia chuo kingine, anakuja na barua ya kilio, na chuo kinalazimika kumwandikia maelezo yenye muhuri. Mkubwa wa chuo, ambaye kila mtu alimwita Bwana Mkubwa, alisema imetosha.

"Ukicheka na nyani utavuna mabua," alisema, na Katibu akaiandika kama sera.

Ndipo likazaliwa Jedwali. Kufiwa na baba kulitosha kueleza alama D. Kufiwa na mama, D pia, na kwa huruma ya chuo hata E kama marehemu alikuwa mpishi mzuri. Babu alieleza C tu, kwa kuwa kifo cha babu hutarajiwa. Jirani hakueleza chochote, ila mwombaji aliruhusiwa kukaa kidogo kabla ya kutoka.

Mwombaji wa kwanza alikuwa binti wa mwaka wa pili aliyevaa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa. Masomo yote alikuwa na A, isipokuwa Takwimu, ambako D ilikaa peke yake kama mgeni asiyealikwa. Aliomba kuhamia chuo cha mji wa kwao. Chuo hicho kilikuwa tayari kumpokea, mradi D hiyo ielezwe kwa muhuri, na mapokezi yalikuwa yanafungwa kesho yake.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," alijibu Katibu. Wengine walikuwa wanasoma Jedwali.

Bwana Mkubwa alikuwa amekalia kiti kirefu chenye mito miwili. Chini ya meza, mahali ambapo wajumbe wenye adabu hawaangalii, miguu yake ilikuwa inaning'inia. Kulia kwake alikaa Mwanasheria wa chuo, mtu mwembamba aliyesoma kanuni kama mtoto anavyosoma mabango ya barabarani, neno kwa neno na kwa sauti.

"Umefiwa na nani?" aliuliza Bwana Mkubwa.

"Mama mdogo, mzee. Alifariki wiki ya mtihani."

Wajumbe walipitisha vidole kwenye Jedwali. Mama alikuwemo. Mama mdogo hakuwemo. Kila mmoja alisubiri mwenzake akosee kwanza.

"Mama mdogo ni mama," alisema Mwanasheria hatimaye, "lakini ni mdogo. Mama kamili anaeleza D. Mama mdogo, kwa mujibu wa udogo wake, hawezi kueleza D nzima. Labda C iliyofifia."

"Lakini mimi nina D," alisema binti.

"Hapo umezidisha. Umefeli kuliko ulivyofiwa."

Katibu aliandika sentensi hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, kalamu ilisita. Akaisukuma, ikaendelea.

"Udogo wake ulikuwa wa kiasi gani?" aliuliza Bwana Mkubwa.

Binti alimtazama asielewe. "Ni mdogo wake mama, mzee. Mama mzazi simkumbuki, niliachwa nanyonya. Huyu ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi cherehani. Ameacha pacha, bado wadogo, wako kwa jirani, kila jioni wanauliza dada anarudi lini. Ndiyo maana naomba uhamisho."

"Hatujauliza malezi. Tumeuliza udogo."

"Kwa umbo? Kwa umbo alikuwa mkubwa. Kwenye picha anampita mama."

Mwanasheria alivua miwani. Mama mdogo aliyekuwa mkubwa kuliko mama hakuwahi kujitokeza katika kanuni yoyote aliyoisoma. Bwana Mkubwa yeye alifurahi, maana aliona mwanya wa kuingia katika historia ya uongozi.

"Tatizo letu ni mazoea," alisema. "Juzi mmoja ameleta baba mkubwa, anadai ni sawa na baba mmoja na nusu. Tutafika wapi? Katibu, andika azimio. Neno mkubwa na neno mdogo, popote yalipo katika kanuni na shughuli zote za chuo hiki, yatahesabiwa kwa kipimo cha mwili, na si kwa mazoea. Linaanza kutumika sasa hivi."

Azimio lilipita kwa makofi. Mwanasheria alipiga makofi zaidi ya wote, kwa sababu hatimaye lilikuwa jambo linaloweza kusomwa neno kwa neno.

Ilibaki kumpima marehemu.

"Hilo gumu," alisema mjumbe mmoja. "Hayupo."

"Gauni hili ni lake," alisema binti. "Alijishonea mwenyewe. Sijalipunguza wala kuliongeza, linanikaa hivi hivi. Na utepe wake wa kupimia ninao." Aliingiza mkono mfukoni akatoa utepe wa manjano uliochakaa ncha, akaushika kidogo kabla ya kuukabidhi. "Huwa natembea nao tu."

Katibu aliupokea kwa mikono miwili. Alimpima binti kutoka utosini hadi kisiginoni, akaandika kwamba marehemu amepimwa kwa uwakilishi.

"Bado," alisema Mwanasheria. "Kipimo bila mfano wa kulinganishia ni namba tu. Tunahitaji mkubwa anayejulikana, tuone kama marehemu alikuwa mdogo kwake. Nani mkubwa hapa?"

"Bwana Mkubwa," walisema wajumbe kwa pamoja, kwa unyenyekevu wa miaka mingi.

Bwana Mkubwa alitabasamu, kwani tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwomba awe mfano wa urefu. Alishuka kwenye kiti. Kushuka kwenyewe kulichukua muda. Alipofika chini alisimama wima, akavuta pumzi, akanyanyua kidevu, na Katibu akalazimika kupiga magoti ili asome utepe vizuri. Alisoma, akahakikisha, akasoma tena.

"Marehemu anamzidi Bwana Mkubwa kwa kichwa kizima," alisema.

"Basi mama mdogo hakuwa mdogo," alisema Mwanasheria, uso ukimng'aa. "Alikuwa mama mkubwa kuliko mkubwa wa chuo. Anaeleza D bila wasiwasi. Anaeleza hata E." Kisha kidole chake kikasimama juu ya ukurasa, na mng'ao ukahamia kwenye kitu kingine. "Ila kuna jambo dogo. Samahani, kuna jambo la ukubwa usiojulikana bado. Kanuni ya kwanza ya Kamati inasema mwenyekiti atakuwa mkubwa wa chuo."

"Ndiyo," alisema Bwana Mkubwa.

"Kwa kipimo cha mwili, na si kwa mazoea."

Hakuna aliyehitaji kupima chuo kizima. Kila mtu alijua nani hubadilisha taa za ukumbi bila kupanda kitu. Wajumbe waligeuza shingo kumtazama Katibu, polepole, na shingo zikaenda juu, zikaenda juu tena.

"Mnanitania," alisema Bwana Mkubwa. "Mimi nimeteuliwa. Futeni azimio hilo mara moja."

"Hoja ya kufuta azimio huletwa na mwenyekiti," alisema Mwanasheria kwa huzuni ya kweli. "Labda umwombe."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bwana Mkubwa alimgeukia Katibu akaanza kumwomba kwa macho. Katibu alikuwa anapitia muhtasari. Azimio lilikuwemo, kwa mwandiko wake mwenyewe, na makofi pia yalikuwemo. Basi lilikuwa limetokea. Alitoa mito miwili ya kiti kirefu, akaiweka kando kwa heshima, akakaa. Magoti yake yaligonga meza.

"Binti," alisema, "niambie ule mtihani ulikuwaje."

Haikuwa agenda, wala Jedwali halikuwa na nafasi ya jibu. Binti alijibu hata hivyo.

"Tulimzika jioni, nikasafiri usiku, asubuhi nikaingia chumba cha mtihani. Mahali pa kuandika jina langu nikaandika lake. Sikujua mpaka karatasi zimekusanywa. Mlinikata alama kwa kosa la jina. Mimi nilikuwa nimechoka kumwita kimoyomoyo, ndiyo likatoka mkononi." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Nampenda mpaka leo. Sijui nawaelezaje."

Kamati ilikuwa imekaa vikao vingi juu ya majonzi, na hakuna hata kimoja ambamo neno hili lilikuwa limetamkwa. Katibu alilitamka.

"Pole sana, mwanangu."

Mjumbe mmoja akasema pole, na mwingine, na Mwanasheria naye akasema, ingawa alitazama kwanza kama kuna kanuni inayokataza. Kisha Katibu akaandika maelezo ya D hiyo, mafupi: mwanafunzi alifiwa na mama yake. Hakuandika mdogo. Ulibaki muhuri tu, nao ulikuwa mfukoni mwa aliyekuwa Bwana Mkubwa, kwa kuwa kanuni ilisema unatunzwa na mkubwa wa chuo.

Katibu alinyoosha mkono. Yule bwana aliushikilia muhuri kwa muda, mfa maji haachi kutapatapa, kisha akautoa. Uligongwa mara moja, kwa kishindo kilichotikisa glasi za maji. Binti alipokea karatasi, akaukunja utepe wake, akashukuru, na akatoka mbio kama mtu anayesubiriwa.

Chumbani walibaki wakubwa kwa wadogo. Aliyekuwa Bwana Mkubwa alikuwa bado amesimama, maana hakuna aliyejua sasa akae wapi.

"Nimepata pigo," alisema kwa sauti iliyokatika. "Jamani, nimepata pigo kubwa."

Katibu alilivuta Jedwali, akachovya kalamu, akamtazama kwa huruma yote ambayo ofisi iliruhusu.

"Kubwa kiasi gani, bwana mdogo?"