Pamba, Asetoni na Wasaliti Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya wakili imefika! Ina mihuri mitatu, kana kwamba mmoja hautoshi kunitia presha. Bosi wetu wa zamani anadai sisi watatu tumetoa siri za ghala lake. Tutie sahihi kwamba tulisema uongo, la sivyo Alhamisi anafungua kesi. Siri! Miaka minne kazi yangu ilikuwa kufuta tarehe kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyopitwa na wakati, kwa pamba na asetoni, kisha kugonga tarehe mpya. Watoto wa watu wameyanywa. Nikikumbuka najichukia.

Ila nani kampa wakili anwani yangu mpya? Namshuku Fundi, aliyekuwa akitengeneza mashine zetu. Siku hizi anachekacheka sana.

Jumanne, 4 Machi

Kikao kwa Mama Lebo, aliyekuwa akibandika lebo. Naye kapata barua. Akatumiminia chai. Alisema kesi hiyo ikimwangukia, yeye na wanawe watalala nje. Fundi akaeleza kwamba ofisa wa ukaguzi yuko tayari kuanza uchunguzi, na ukianza, Bosi hawezi kutugusa. Anataka maelezo yetu tu, yaandikwe kabla ya kesi kufunguliwa, tusije tukaonekana tunalipiza kisasi.

Fundi akachaguliwa msemaji. Kura mbili kwa moja! Nikasema basi uandishi ni wangu. Wakatia sahihi chini ya karatasi tupu, nikaahidi kuijaza kesho.

Jumatano, 5 Machi

Sijaandika neno. Nimeshinda nikimfuatilia Fundi. Kaingia kwa kinyozi, katoka na nywele zilezile! Na kinyozi huyo ndiye anayemnyoa mlinzi wa Bosi. Nikajibanza nyuma ya magunia ya mkaa. Akageuka, akanisalimia, akauliza karatasi imefika wapi. Ya nini kuuliza, kama hana lake jambo?

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilimfuatilia tena. Hakuna kitu, jambo ambalo lenyewe linatia shaka.

Leo alfajiri nikaandika maelezo yote, mwandiko safi kabisa, na chini nikaweka tarehe ya leo. Lahaula! Kesi imefunguliwa jana! Lakini mtu na fani yake. Pamba kidogo, asetoni ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha, na 7 ikawa 5. Mke wangu akauliza nafanya nini. Nikamjibu mambo ya kiofisi.

Ofisa akaipokea karatasi. Akainusa. Akachukua kopo tulilompelekea kama ushahidi, akalinusa nalo. Akauliza nani kaandika. Fundi na Mama Lebo wakanigeukia kwa pamoja, yaani walishapanga. Ofisa akasema hawezi kumshtaki mtu kwa kufuta tarehe akitumia ushahidi uliofutwa tarehe, na kwamba wakili wa Bosi akiiona karatasi hiyo atacheka hadi alie. Mama Lebo yeye alilia palepale. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 10 Machi

Usaliti! Jumamosi Fundi na Mama Lebo walirudi kwa ofisa bila kuniambia. Walimpigia magoti, akakubali wahojiwe upya, kila mmoja aandike kwa mkono wake na tarehe ya kweli. Uchunguzi umeanza. Wao wameshapona.

Mama Lebo kaja jioni kunieleza. Alisema nimebaki mimi tu, niende kesho saa tatu nikaandike mbele ya ofisa, na tafadhali baba, mikono mitupu. Alinishika bega na kuniambia hana kinyongo. Nani asiyekuwa na kinyongo anayesema hana kinyongo?

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda. Saa mbili wakili wa Bosi alinipigia simu. Sauti ya upole ajabu! Kasema ameumia sana kusikia wenzangu walivyonitenga, na angependa kuusikia upande wangu kabla sijamwona ofisa.

Hatimaye mtu wa kuaminika. Nilikwenda ofisini kwake nikammwagia yote, hadi habari ya pamba. Akaandika kila neno, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akaniletea karatasi fupi nitie sahihi. Nikamuuliza niweke tarehe gani. Akasema nisijisumbue, ataijaza mwenyewe.

Muungwana yule! Nimetia sahihi.