Nani Atangulie Mlangoni

Jumatatu, 8 Septemba

Mimi, Tarmo Pesonen, muuza vigae, ni kapteni wa kikosi chetu cha mchezo wa bunduki za vigololi vya plastiki hapa mjini Kouvola. Mwaka wa sita huu. Hakuna aliyenipigia kura. Hakuna aliyepinga pia. Kikosi ni mimi, rafiki yangu Ilpo, daktari wa meno, na shemeji yake, ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno.

Leo Ilpo kaleta mtu wa nne. Hellevi Rautio. Mama wa miaka arobaini na tisa, dereva wa gari la maktaba linalozungusha vitabu, kaja na sweta ya sufu! Nikamwonyesha jinsi tunavyosafisha chumba chenye adui: teke mlangoni, ukelele, natangulia mimi, wenzangu wananibana mgongoni. Akauliza kwa adabu kwa nini wote tunasimama mlangoni. Nikamwambia ndipo tunapoona vizuri. Akasema ndiyo, na ndipo tunapoonekana vizuri.

Halafu akaingia yeye, Ilpo nyuma yake. Bila teke. Alianzia nje, akikimega chumba kwa macho, kipande baada ya kipande, kwa hatua ndogondogo. Ghafla yumo ndani: yeye kona ya kulia, Ilpo kona ya kushoto, mlangoni hakuna mtu. Vyumba sita. Hakuguswa hata na gololi moja. Kumbe alikaa jeshini miaka ishirini, akalinda amani huko Balkani.

Wakati wa mapumziko Ilpo akammiminia kahawa kwanza yeye. Kwanza yeye! Tangu tukiwa shule Ilpo huanza na mimi.

Jumanne, 9 Septemba

Nitamzidi kwa elimu. Nilitafuta kitabu cha kijeshi kuhusu mapigano ya ndani ya majengo. Maktaba ya mjini wakasema kipo kwenye gari lao. Nikalifuata gari hadi kituoni. Sikufikiria dereva ni nani. Hellevi alinigongea mhuri mwenyewe, akanishauri niruke sura ya tatu, imepitwa na wakati.

Nimeanza na sura ya tatu. Makusudi.

Jumatano, 10 Septemba

Mazoezi ya nyumbani. Sura ya tatu inasema: ingia kwa kasi, ambaa na ukuta wa kushoto, usisimame mpaka konani. Nikachagua chumba kisicho na mtu. Sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke.

Kilikuwa na mtu. Mama mkwe, katoka Kotka kututembelea, kaketi benchi la juu kama alivyozaliwa. Nikaambaa na ukuta wa kushoto. Konani kuna jiko la mawe ya moto.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alichota maji, akayamwaga juu ya mawe, akaniambia nifunge mlango, joto linatoka. Kiganja changu kina bendeji. Mke wangu Outi hajaacha kucheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Fitina kidogo. Nimemwambia Ilpo, kama rafiki, kwamba Hellevi anasema tumbo lake linaziba mlango. (Hakusema. Nimesema mimi.) Ilpo akaenda kumuuliza! Hellevi akajibu kwamba hakusema, ila kwa kuwa limetajwa, ni kweli, na mtu wa umbo hilo anafaa kubaki mlangoni kulinda migongo ya wenzake, kazi ya mtu wa kuaminika.

Ilpo karudi anang'aa. Ananiambia miaka yote hii mimi sijawahi kumpa kazi. Lo!

Ijumaa, 12 Septemba

Kesho tunacheza na kikosi cha Imatra katika kiwanda cha karatasi kilichofungwa. Nimempigia simu kapteni wao, Reijo. Nimemdokezea kwamba mama mwenye sweta atakuwa wa kwanza kuingia ofisi ya tatu ya ghorofani, na kwamba nyuma ya kabati kuna nafasi ya watu wawili.

Si usaliti. Ni somo. Akipigwa mbele ya Ilpo, mambo yatarudi yalivyokuwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi.

Ofisi ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Hellevi yuko mbele, mimi natengeneza uso wa kushangaa. Tukafika ya tatu. Akanigeukia.

"Kapteni, hii yako," akanong'ona. "Tangu Jumatatu naona umenyong'onyea. Nimekuvamia kikosi chako, nisamehe bwana. Tangulia."

Nikasema aa, mgeni kwanza. Akasema hapana, mwenye kikosi kwanza. Ilpo akafoka kwa kunong'ona: "Ingieni basi, mguu umeshakufa ganzi!"

"Nyuma ya kabati kuna watu wawili," nikasema.

Hellevi akanitazama. "Umejuaje?"

"Hisia tu."

Sauti ya Reijo ikalalamika kutoka ndani: "Tarmo! Si ulisema anatangulia mama?"

Niliona njia moja tu ya kuokoa heshima: teke na ukelele. Nikapiga, kumbe mlango ule unavutwa, hausukumwi. Nikauvuta. Nikasimama katikati yake kwa mguu mmoja, nikiugulia kidole. Nina alama kumi na saba za gololi. Kumi na moja ziko makalioni, maana niligeuka. Wakati wananishughulikia mimi, Hellevi akapenya chini ya kwapa langu na kuwapiga wote wawili. Tumeshinda.

Ilpo hakunifokea. Hilo ndilo lililouma. "Tarmo, tumeanza pamoja darasa la kwanza," akasema. "Ungeniambia tu kwamba una wivu." Nikamwambia sina. Wakapiga kura ya kapteni palepale uani. Shemeji yake akainua kichwa na kusema neno lake la kwanza: "Hellevi." Sauti nzuri. Besi.

Kisha Hellevi akaja kusimama karibu yangu, kwa kuwa sikuweza kukaa.

"Kwenye vita vya kweli mlango kama ule hatuuendei mbio," akasema. "Tunaizingira nyumba, tunaita, tunangoja. Kuna nyumba tuliingoja muda wa saa tatu. Akatoka bibi mmoja na mbuzi wake. Ningekuwa na pupa kama yako..." Akanipa kikombe cha kahawa. "Hapa mtu akipigwa anainua mkono, halafu tunakunywa kahawa pamoja. Ndiyo maana nacheza. Usiniharibie, Tarmo."

Nimelia. Si kwa sababu ya makalio. Nimeapa kwa moyo wangu wote: wivu basi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeamka mtu mpya. Siwezi kuketi, lakini mpya.

Saa nne asubuhi Ilpo kapiga simu. Hellevi anakwenda Vaasa kwa dada yake, wiki mbili. Uongozi kamwachia nani? Ilpo! Ilpo, anayeomba radhi kila akimpiga mtu gololi! Alikuwa na furaha kama mtoto. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikasema mno.

Kisha nimemwandikia Hellevi barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto, kumjulisha kwamba Ilpo hufumba macho kila anapovuka kizingiti. Kazi safi. Mwandiko hautambuliki hata na mke wangu. Nimeitia mwenyewe kwenye sanduku la posta. Nyuma ya bahasha nimeandika jina langu kamili na anwani, isije ikapotea njiani.