Bomba la Udongo na Chumba cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti wa udongo ametangaza. Chumba chenye dirisha kubwa atapewa mtafiti mmoja tu: mimi au Bi Mizizi. Wageni wanakuja Ijumaa. Jaribio litakalowaridhisha, mwenye jaribio ndiye mwenye chumba. Mimi kwa sasa nafanyia kazi stoo, kati ya friji bovu na magunia ya mchanga. Nikipiga chafya, mbolea inapaa.

Ubishi wetu ni wa zamani. Mimi nasema mvua ikinyesha, mbolea hubaki pale pale kwenye mizizi. Yeye anasema maji hutafuta upenyo, huteremka nayo, mkulima akabaki amekodoa macho. Upuuzi! Nitajaza udongo kwenye bomba la plastiki linaloonyesha ndani, nimimine maji ya rangi ya buluu badala ya mbolea. Rangi ikibaki juu, chumba changu.

Jumanne, 4 Machi
Ili rangi isishuke, nimeushindilia udongo. Kwa mchi wa jikoni kwetu. Mke wangu amepiga simu kuuliza mchi uko wapi. Nikajitia hamnazo. Nimetwanga mpaka jasho likanitoka. Kisayansi kabisa.

Nikamimina maji. Hayakushuka hata tone! Kibwawa cha buluu kikatulia juu kama mgeni asiyeaga. Bi Mizizi akapita, akachungulia, akaniuliza, kaka yangu, siku hizi unafuga vyura? Kisha akanikumbusha, kwa upole unaokera, kwamba mmea nao hunywa maji.

Sikuwa nimeufikiria mmea. Nikacheka kwa meno, moyoni nimenuna.

Jumatano, 5 Machi
Wazo jipya! Udongo wenye kiu utayanywa maji na kuyang'ang'ania. Nimelianika bomba juani kutwa nzima, nikikaa kando kufukuza kuku. Mkurugenzi akauliza nafanya nini pale. Utafiti wa nje, nikamwambia. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Jioni udongo umekauka vizuri. Umekonda kidogo, umejitenga na ukuta wa bomba. Mwanya mwembamba tu, ukucha unapita. Nani atauona?

Alhamisi, 6 Machi
Bi Mizizi ameuona. Kanishauri nijaze upya, maana maji yakipata mwanya kama huo hayaulizi njia. Nimemshukuru sana. Adui akikupa ushauri, fanya kinyume! Nikanyunyizia udongo mkavu juu ya mwanya, nikausawazisha kwa kijiko. Kama kupaka poda juu ya jipu.

Mke wangu ameukuta mchi kwenye buti la gari, una madoa ya buluu. Akasema, Baba Watoto, hata sitaki kujua.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wamejaa. Mkurugenzi kiti cha mbele, miguu kainyoosha chini ya meza yangu. Nikawahutubia: tazameni, mabibi na mabwana, rangi hii haitashuka ng'o. Nikamimina.

Sikumaliza hata sentensi. Buluu ilishika ukuta wa bomba kama mwizi anayeijua nyumba, ikatokea chini, ikamlowesha Mkurugenzi viatu. Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki. Yalizoleka. Niliyazoa kwa dekio, wageni wakininyanyulia miguu.

Bi Mizizi akasimama. Akawaambia wageni hicho ndicho alichokuwa akikisema siku zote, na kwamba mwenzake amejitolea kukionyesha vizuri kuliko yeye mwenyewe. Makofi! Nikainama kuyapokea. Mtu hupokea alichopewa.

Chumba ni chake. Mkurugenzi, soksi mkononi, amesema stoo inanifaa.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Mizizi amenihurumia. Kanipa kona ndani ya chumba chake, kijimeza karibu na mlango. Sharti moja: niache ujanja, tufanye kazi. Wema ulioje! Nimeshukuru, nimeahidi, nimetulia kama maji mtungini.

Alipotoka kwenda kunywa chai, nikaisukuma meza yangu kuelekea dirishani. Upana wa kidole. Polepole, kama maji yanavyotembea ndani ya udongo wa mfinyanzi. Kesho kidole kingine. Kufikia mvua zijazo, dirisha langu!

Aliporudi akaniuliza, kaka, mbona unahema? Nikamwambia ni ngazi, umri nao umekwenda. Akaketi, akafungua daftari lake.

Jengo letu halina ghorofa. Lakini naona ameamini.