Nilivyoruka Kwenye Mkokoteni Uliosimama

Marafiki, leo hapa Kansay nimejiaibisha mpaka punda wangu kanionea huruma.

Mnakumbuka nilianguka na mkokoteni nikavunjika mtulinga. Miezi mitatu nimekaa nyumbani, mkono umefungwa kifuani, nachotewa maji mimi ambaye kazi yangu ni kuwapelekea watu maji! Leo ndiyo nimerudi kazini. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Neema, bila helmeti hutoki."

"Helmeti ya nini? Yule ni punda, siyo pikipiki!"

"Kwani mara ile ulidondoshwa na pikipiki?"

Nikavaa ya shemeji yangu wa bodaboda, ile yenye kioo mpaka kidevuni. (Punda wangu, Sikitu, kuniona tu akarudi nyuma. Ikabidi nifunue kioo nimsalimie.)

Tukaondoka vizuri, madumu matupu nyuma, ukungu na baridi ya asubuhi. Shida ikawa pumzi zangu. Kioo kikajaa mvuke, sioni kitu! Masikio nayo yamezibwa. Na mbele kuna mteremko wa bombani, palepale nilipoangukia. Nikang'ang'ania kamba, nikafumba macho (kwani kulikuwa na tofauti?), nikaanza kusali.

Mara mkokoteni ukatikisika. Madumu yakagongana, pa! pa! Nikajua tayari, Sikitu katimua mbio!

"Mama nakufaaa!"

Nikaruka.

Nikatua kwenye tope. Kimya. Nikafunua kioo. Sikitu kasimama, anatafuna majani. Kumbe tulishafika! Alishuka mteremko taratibu, akasimama mwenyewe bombani, na akina mama walikuwa wananisaidia kushusha madumu.

"Baba Neema," mmoja akauliza kwa upole, "ulikuwa unarukia wapi?"

Na kwenye foleni nani yupo? Nesi wa zahanati, aliyenifanyisha mazoezi ya bega wiki baada ya wiki. Alitupa ndoo akaja mbio. Akaniinua mkono juu, akauzungusha.

"Linauma?"

"Hapana, nesi."

"Asante Mungu." Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Bega zima, kichwa kizima. Kesho helmeti navaa, ila kioo nakiacha wazi. Na wewe uliyenirekodi, nakuomba, video hiyo usimtumie mke wangu.

(Keshaipata. Namsikia jikoni, hapumui kwa kicheko.)