Upepo wa Gentil, Ushindi wa Wenceslas

Katoyi, Goma, siku ya alhamisi

Kwa Papa Mulumeoderhwa,
Kocha wa ekipi yetu ya baiskeli

Papa Kocha,

Nakusalimia kwa heshima. Mutoto wetu Munezero pia anakusalimia, ingawa ananivuta kalamu. Mimi ni Uwimbabazi, bibi ya Gentil, yule mwembamba wa kofia ya buluu. Masomo yangu yaliishia primaire, utanisamehe nikikosea, lakini macho ninayo. Nimetazama mashindano yenu yote na sijaelewa hata moja. Watu sita wanavaa nguo moja, wanachoka pamoja, halafu anashinda Wenceslas peke yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upepo. Upepo wa ziwa ukivuma, Gentil anawekwa mbele aupasue, na Wenceslas anajificha nyuma yake kama kifaranga chini ya mama yake. Karibu na mwisho kifaranga kinachomoka, kinashinda, kinapigiwa makofi. Gentil wangu anafika nyuma kabisa, meno yamejaa vumbi.

2. Maji. Katikati ya mbio anarudi kwenye gari lenu, anashindilia machupa ndani ya shati, tumboni na mgongoni, anatoka kama mwenye mimba ya mapacha, anakwenda kuwagawia wenzake. Nyumbani nikimwomba anichotee bidoni moja tu ya maji kwenye bomba, kwenye robine, anajibu: «Mama Munezero, miguu inawaka.»

3. Gurudumu. Pale Birere, jiwe la volkano lilitoboa gurudumu la Wenceslas. Gentil akashuka, akafungua lake mwenyewe, akamupa, akabaki kando ya barabara ameshika baiskeli ya mguu mmoja. Wauza nyanya wakanipigia kelele: «Mama Munezero, bwana yako anauzisha vipande? Usukani bei gani?» Nilifunika uso kwa kitenge.

4. Kungojea. Siku moja Gentil aliwatoroka wote. Nilikuwa nimeshamfungua mutoto mgongoni, nimemwinua juu: «Ona papa! Papa ni wa kwanza!» Ndipo ukapita na gari, ukamwambia amngojee Wenceslas. Angojee, Papa Kocha! Katika mbio! Na alivyo na adabu, akangojea.

5. Hili nilitaka kulinyamazia. Volkano ilipolipuka tulikimbilia upande wa Sake, watu wamejaa njia nzima. Gentil alitangulia na godoro kichwani, anatufungulia njia, mimi nyuma yake na mimba. Tulipokaribia kufika akanisukuma mbele: «Pita, mpenzi.» Siku ile nikajua ninapendwa. Sasa naona Wenceslas anafanyiwa vilevile, njia, upepo, hata kusukumwa. Naomba kujua: yale yalikuwa mapendo, ao mazoezi?

Ningevumilia, lakini dimanche, jumapili hii ya mbio, anakuja baba yangu, muzee Hitimana wa Rutshuru. Vita ilifunga barabara, hajamshika mjukuu wake bado. Sasa njia imefunguka kidogo, anakuja kuona mutoto na kupima mukwe. Muzee amesukuma viazi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, maisha yake yote. Kwake, mwanaume ni yule anayefika sokoni wa kwanza. Aliniambia kwa simu: «Nasikia mukwe anafika nyuma kila mara. Nilitoa binti kwa mutu, ao kwa mkia?»

Kwa hiyo naomba, dimanche hii, Wenceslas akae mbele apasue upepo, Gentil ajifiche. Kama sheria ya ekipi inakataza, basi sheria ifike mpaka nyumbani: Wenceslas aje abebe mutoto, na wale wanne wengine wapange foleni kwenye robine yangu. Kama hayo pia ni magumu, muhamishe mstari wa kumalizia. Muuweke pale karibu na kanisa la paruasi, ambapo Gentil huwa bado yuko mbele. Ni kuchukua chokaa tu, kuchora upya.

Unisalimie Mama Clotilde na watoto, dereva wa gari lenu, na yule papa wa kupiga pampu magurudumu. Hata Wenceslas umsalimie, lakini kidogo.

Ni mimi ninayekuombea na kukungojea,
Uwimbabazi, mama Munezero

N.B. Papa Kocha, kabla sijafunga barua, Wenceslas mwenyewe amepita hapa. Anasema wamesikia muzee anakuja, na wamekubaliana wote: dimanche wanakimbia kwa ajili ya Gentil. Nimemupa kiti na chai. Tafadhali usisome namba moja mpaka namba tano. Wenceslas akae mbele kabisa, upepo umutoe machozi. Maji wabebe wao. Gurudumu la Gentil likitoboka, wagombanie kumupa. Akitoroka mutu mwingine wa ekipi, umwambie angojee. Mstari uache palepale.

Na kama Angèle, bibi ya Wenceslas, atakuandikia barua ya kulalamika, umjibu kwa upole. Huyo mama haelewi mchezo wa ekipi.