Filamu ya Ndugu Wasiosalimiana

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Senario ya filamu yangu imekwisha. Kurasa tisini na nne! Nimeichapa mwenyewe hapa kwenye sekretarieti yangu ya Nyawera, mjini Bukavu, kibanda cha kuchapia watu barua, kati ya barua mbili za kuomba kazi na moja ya kuomba msamaha. Jina lake: Damu Mbili za Ruzizi. Ni filamu ya uhalifu. Ndugu wawili hawasemezani. Mmoja ni inspekta wa polisi, mwaminifu, mzuri wa sura, anayependa kuandika. Mwingine anavusha vitenge vya magendo mpakani. Ana miwani, ana kalamu nne mfukoni mwa shati, na kila sentensi anaimalizia kwa n'est-ce pas, ile "sivyo?" ya Kifaransa. Atakayedhani huyo ni kaka yangu Grégoire, atakuwa amedhani mwenyewe.

Niandike wazi, kwa faida ya wajukuu watakaosoma daftari hili. Grégoire ni mkubwa wangu, anafanya kazi kwenye ONG, shirika la misaada, anakaa mtaa wa Muhumba, na hatujasalimiana miaka mitatu. Baba alipofariki, hotuba ya mazishi niliandika mimi, Cirhuza. Kurasa nne. Grégoire aliisoma, watu wakalia, hata padri akatoa kitambaa. Akakunja karatasi, akaanza kupokea pongezi. Jina langu hakulitaja hata mara moja.

Mchana maman, mama yetu, alinipigia simu. Grégoire anahamishiwa Kindu, miaka miwili, ndege ni Jumatatu ya tarehe 24. Maman ana miaka sabini na nane. Alisema hataki kufa watoto wake wakiwa hivi, akaniomba niende Muhumba nimsalimie kaka yangu kabla hajaondoka. Nikamjibu kwamba nitafanya makubwa zaidi: nitamwalika kwenye filamu yangu, kiti cha mbele. Maman akafurahi mpaka akaanza kuimba kwenye simu.

Maskini maman. Mpango wenyewe ni huu: Grégoire ajione ukutani mbele ya watu mia mbili, aone aibu, asimame, aombe msamaha kwa sauti. Mimi nitakaa kimya kidogo. Kisha nitaona.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata waigizaji! Almasi na Yassine, ndugu wawili wafanyabiashara, familia ya Waislamu kutoka Uvira. Maduka yao yako bega kwa bega sokoni, yametenganishwa na ukuta wa triplex, ubao mwembamba. Zamani lilikuwa duka moja la baba yao. Miaka sita hawasemezani. Mteja akiuliza kitu ambacho Almasi hana, Almasi humwambia amuulize "ule wa kule". Chanzo ni harusi ya Yassine, iliyofanyika Uvira. Almasi, kaka mkubwa, aliyetegemewa kusimama na bwana harusi, alifika watu wameshaondoka. Anasema gari lilikufa njiani, Sange. Yassine anasema mwenye nia angefika hata kwa miguu.

Waongozaji wengine wanatafuta watu wanaojua kuigiza chuki. Mimi nimechukua wenye nayo tayari. Akili ni mali.

Nilimwambia Almasi kwamba Yassine amekataa kuigiza, eti anaogopa kusimama mbele yake. Akakubali papo hapo. Nikatembea hatua tatu, nikamwambia Yassine maneno yale yale. Triplex ni nyembamba, lakini redio ilikuwa inaimba.

Priscille, yule dada anayepiga video za harusi, ndiye mtu wa kamera. Amesoma senario. Anasema kwenye ukurasa wa arobaini mfanya magendo anakufa, na kwenye ukurasa wa hamsini na mbili anakunywa chai. Nikamweleza kwamba mtazamaji hapaswi kuelewa kila kitu mapema. Akasema sawa, ila alisema polepole mno.

Ijumaa, tarehe 6... hapana, tarehe 7 Juni

Siku ya kwanza ya kupiga picha. Nimechoka hadi tarehe zinanipotea.

Almasi ndiye inspekta. Yassine ndiye mfanya magendo, na kalamu nne, na miwani niliyomwazima. Mungu wangu, walivyotazamana! Hata wauza nyanya waliacha kuita wateja. Tatizo ni moja tu: hawaheshimu maandishi. Inspekta ana mistari kumi na minne ya kueleza utoto wake na jinsi alivyokuwa wa kwanza darasani. Almasi alimwangalia mdogo wake kwa muda mrefu, akasema "Ndiyo", basi. Nikamkumbusha mistari yangu. Akanijibu kwamba yote imo humo ndani. Priscille akamuunga mkono. Kamera ni yake, sikuweza kumfukuza.

Kisha tukapiga kufukuzana kwa pikipiki. Mafuta yakaisha kwenye mlima. Mhalifu akawa anasukuma pikipiki, polisi akawa anatembea nyuma yake, na mama mmoja aliyekuwa anapita akamsaidia mhalifu kusukuma. Tumeacha hivyo hivyo.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Balaa. Niandike taratibu.

Ukurasa wa thelathini na moja: ndugu wawili wanakula pamoja mara ya mwisho, kabla ya usaliti. Nilihitaji chakula kinachotoa moshi mbele ya kamera. Nikaenda kwa mama yao, Maman Maisara, nikamwomba pilau. Nikajiona mjanja sana, kwa sababu hakuna anayepika pilau Bukavu hii kama yeye. Nilimwambia sahani mbili. Akaja na sinia moja. Nikasema inspekta hawezi kula sinia moja na mhalifu. Akanijibu kwamba watoto aliowazaa yeye hakuwahi kuwapakulia mbalimbali, na kama filamu haitaki, pilau inarudi nyumbani. Nikatazama sinia. Nikasema filamu inataka.

Wakaketi chini. Wakanawa. Wakala, kila mmoja upande wake, macho chini. Vizuri sana! Chuki tupu! Halafu Almasi akachomoa pande la nyama, lile zuri la katikati, akalisogeza upande wa Yassine. Halikuwa kwenye senario. Yassine akaliangalia. Nikapiga kelele tukate. Hakuna aliyenisikia. Yassine akalila.

Maman Maisara alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya Priscille. Akasema:

"Mulisha kula sahani moja. Maneno ilisha."

Nikadhani anatania. Kumbe kwao ndivyo ilivyo. Waliokula sinia moja ya mama hawainuki na kinyongo, na atakayeinuka nacho amemvunjia mama heshima. Miaka sita mama huyu alikuwa anatafuta siku ya kuwakalisha kwenye sinia moja, nao kila mara mmoja hakuja. Mimi, kwa mikono yangu, nikamletea wote wawili!

Walilia. Priscille alilia. Mimi pia nilikuwa karibu kulia, kwa sababu zimebaki kurasa sitini na tatu za chuki.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimepita sokoni. Triplex imeondolewa. Duka ni moja. Almasi na Yassine walikuwa wamekaa nyuma ya meza moja, wanamenya karanga. Nusu ya filamu inafanyika mbele ya ukuta ule! Nikauliza kama wanaweza kuurudisha hadi mwisho wa mwezi. Yassine akasema wameshatengeneza nao rafu za vitenge.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Fitina. Hakuna njia nyingine. Nilimvizia Almasi akitoka msikitini, nikamnong'oneza kwamba Yassine anasema kaka yake anaigiza kama mlango. Kisha nikamtafuta Yassine, nikamwambia kwamba Almasi anasema bila miwani yangu mdogo wake hangekuwa kitu.

Saa kumi wakaja sekretarieti, wote wawili. Wakakaa kwenye benchi la wateja, mmoja kushoto kwangu, mwingine kulia. Nilikuwa nachapa barua ya mtu, nikaendelea kuchapa hata karatasi ilipokwisha. Almasi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Papa Cirhuza," akasema, "weye uko na ndugu?"

Nikajibu kwamba kwenye vitambulisho, ndiyo.

"Na ulimusalimia siku gani?"

Nikasema nina wateja. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Yassine akaniambia kwamba zile kalamu nne na ile n'est-ce pas alishazitambua tangu siku ya kwanza, kwa sababu Papa Grégoire hununua vitenge vya maman yetu kwake. Akaniambia pia kwamba Grégoire akija, huuliza habari zangu. Nikamwomba asichanganye biashara na sanaa.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Tukio la mwisho. Inspekta anampiga kaka yake risasi katikati ya soko. Bastola niliichonga kwa mbao, nikaipaka dawa ya viatu. Ilifanana mno na ya kweli. Almasi alipoichomoa, Nyawera yote ilikimbia. Motari mmoja aliacha abiria na pikipiki. Muuza samaki alijificha chini ya meza yangu, na samaki wake. Polisi wakaja, wakanipeleka kituoni, wakaniweka kwenye benchi saa tatu nzima. Nikawaeleza kwamba ni mbao. Mmoja wao aliishika, akanusa mkono wake, akauona mweusi, akacheka. Wakaniachia, bastola ikabaki kwao, na nikaahidi kwa maandishi kutotengeneza nyingine. Ahadi niliiandika vizuri, kamanda aliisifu.

Niliporudi, walikuwa wameshapiga tukio bila mimi! Ndani ya duka, bila bastola. Priscille akanionyesha. Inspekta alitakiwa kusema: "Kufa, mbwa mtoro, sheria imekupata!" Mstari huo ulinichukua wiki mbili. Badala yake Almasi amesimama mikono mitupu, anamtazama mwenzake, anasema kwa sauti ya chini:

"Nilifika. Balikuwa banaosha sahani, lakini nilifika."

Na Yassine anavua miwani, anaiweka mezani, anasema, "Nilikuona. Nilijificha." Basi. Filamu inaishia hapo. Priscille alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nikauliza mbwa amekwenda wapi.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Onyesho limefanyika, ukumbi wa shule moja, Muhumba. Watu walijaa hadi madirishani. Grégoire alikuja, na maman, wakakaa viti vya mbele nilivyowaandalia. Mimi nilisimama pembeni, mahali pa kuona uso wake vizuri.

Zile kalamu zilipotokea, Grégoire alitazama mfuko wake mwenyewe, akacheka. Akacheka! Yassine alipotamka n'est-ce pas ya tatu, alicheka hadi maman akampiga begani. Ukurasa wa hamsini na mbili, marehemu alipokunywa chai, watu walipiga filimbi. Kwenye pikipiki walimshangilia yule mama. Halafu ikaja sinia, na kelele zikaisha. Kwenye tukio la mwisho Grégoire alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Akanifuata mlangoni. Alisema:

"Ile mazungumuzo ya mazishi ya muzee, nilijua ni yako. Batu balilia, nikaogopa kusema haiko yangu. Miaka tatu niko na aibu. Unisamehe, mudogo wangu."

Yametimia! Mpango umefanya kazi neno kwa neno! Akaninyooshea mkono. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuunyoosha wangu. Maman alikuwa nyuma yake, ameshika kitambaa mdomoni. Nilitaka tu, kabla ya kushikana, nisikie neno moja. Nikamuuliza ameionaje filamu.

Akawaza. Grégoire ni mtu wa ripoti, hajui kudanganya. Akasema senario inayumba kidogo, hasa katikati, lakini ba acteurs, yaani waigizaji, wameiokoa, wale ndugu wawili wamembeba kila mtu.

Wameiokoa! Ilikuwa inazama?

Nikaurudisha mkono mfukoni. Nikasema asante kwa kuja, nina wageni wengi. Akabaki amesimama pale, watu wakimpita huku na huku. Nilipogeuka nilimwona Almasi anamsalimia kwa mikono miwili, na Yassine anamrudishia maman mkoba wake uliokuwa umeanguka.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Asubuhi mapema mtu alibisha hodi. Nilijua ni nani kwa jinsi alivyobisha, mara tatu polepole, kama baba. Sikufungua. Nilikuwa katikati ya wazo, na wazo likikatwa halirudi. Alibisha tena. Akasema jina langu, lile la utotoni. Kisha nikasikia mlango wa gari.

Baadaye maman alinipigia kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu. Amesema ndege imeruka. Amesema Almasi na Yassine walifunga duka wakaja kubeba masanduku, na kwamba Grégoire alisimama mlangoni kwangu mpaka dereva akaanza kulalamika. Nikamuuliza kama alisema chochote zaidi kuhusu senario. Simu ikakatika. Mtandao wa siku hizi!

Lakini wazo ni zuri, nimeshachapa kurasa kumi na moja. Ni sehemu ya pili. Inspekta, mwaminifu, anayependa kuandika, ana kaka mwenye roho ngumu anayepanda ndege kwenda mji wa mbali, miaka miwili, bila hata kumuaga mdogo wake. Nilipofika pale ndege inapopotea mawinguni, nilishindwa kuendelea, machozi yaliloanisha karatasi. Sijui watu wengine wameumbwa na moyo wa namna gani.