Kiazi Ndani ya Kinu

Ijumaa, 18 Machi

Mdogo wangu Gerasimoula, salamu nyingi kutoka huku mlimani Pilio. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, na kuku, na ule mlimau uliopigwa na baridi? Sisi wazima, isipokuwa mama mkwe, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nitaandika kidogo kila siku, kisha nikutumie zote pamoja. Simu siitaki. Ukuta kati yangu na wifi Zambeta ni mwembamba, na wifi ana masikio ya sungura.

Habari yenyewe. Mama mkwe, Bibi Asimo, ameteleza bondeni akichuma mboga za mwitu. Mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko. Nililia, Mungu shahidi. Halafu, machozi hata hayajakauka, nikawaza: sasa skordalia ya sikukuu atatwanga nani?

Unazijua desturi za huku. Tarehe ishirini na tano, siku Mama wa Mungu alipopashwa habari, mafuta na samaki vinaruhusiwa hata ikiangukia siku ya mfungo mkali, na kijiji kizima kinakula samaki wa chumvi uani mwa kanisa, na pembeni yake skordalia, rojo zito la kitunguu saumu. Skordalia hiyo ameitwanga mama mkwe tangu mume wangu hajaota meno. Kitunguu saumu, mkate uliolowekwa, lozi, siki, mafuta ya zeituni. Basi. Kiazi, kama tulivyozoea kwetu Kefalonia? Ukikitaja hapa ni kama umemtukana marehemu wa mtu.

Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimezika hapa, na hadi leo naitwa "yule Mkefalonia". Nikishika mchi ule siku ile, mbele ya wote, nitakuwa mtu wa hapa. Sitaki kingine.

Tuko wawili tunaoutamani: mimi na Zambeta, bintiye wa kumzaa. Sikungoja. Nimempelekea Padri Neofitos bakuli la rojo la njegere kavu za manjano, vitunguu vimekatwakatwa juu, bila tone la mafuta kwa kuwa ni Ijumaa ya mfungo. Nikamwomba aniseme vizuri kwa mama mkwe. Akajibu kwamba Mama wa Mungu haangalii nani kashika mchi. Bakuli akalirudisha limelambwa. Ahadi hakutoa.

Jumamosi, 19 Machi

Leo mafuta ruksa. Mpango wa kwanza: kumwonyesha mama mkwe mkono wangu, ajue jikoni pana mtu.

Nimechoma mabiringanya juu ya moto wa gesi mpaka maganda yakawa meusi kama kanzu ya padri. Nikayamenya, nikayaacha kwenye chujio yatoe maji machungu, nikayakatakata kwa kisu. Kitunguu saumu, siki, kotimiri, mafuta kidogo kidogo huku nakoroga. Bitiruti nimezichemsha na majani yake. Nyumba imejaa moshi. Mume wangu Sarantis akatoka nje na kiti chake, akasema atarudi Pasaka.

Mama mkwe alikula vipande vitatu vya mkate kwa mkono wa kushoto. Akasema si mbaya. Si mbaya! Kutoka kinywa kile ni sawa na kuimbiwa na kwaya.

Zambeta akaonja kwa ncha ya uma. "Wifi, biringanya la mwezi huu linatoka chini ya nailoni, na ladha yake ni ya nailoni. Lakini umejitahidi, maskini."

Maskini! Nikamwongezea kwenye sahani yake. Akamaliza, kisha akafuta sahani kwa mkate.

Mama mkwe akahitimisha kwamba biringanya hata askari kambini anaweza kuliunguza. Skordalia ni kazi ya bega.

Jumapili, 20 Machi

Bwana ameniletea bahati, nami nikaiharibu.

Baada ya Liturujia nilikuwa naanika nguo, nikasikia kutoka jikoni kwa Zambeta mngurumo wa mashine. Moyo ukaruka. Anajaribu skordalia kwa mashine! Huku ni aibu kuu. Mashine inakichachamaza kitunguu saumu, kinakuwa kichungu, na mwanamke anayeitumia hujificha kama mlevi.

Sikuvua hata aproni. Nikaenda kwa mama mkwe, nikamwambia jua ni zuri, twende tumsalimie binti yako. Tukapanda ngazi, yeye akiniegemea, mimi nikiomba mngurumo usikome. Nikasukuma mlango bila kubisha.

Zambeta alikuwa kwenye kigoda, kinu katikati ya magoti, jasho likimtiririka, anatwanga kwa mkono. Pembeni mumewe, juu ya ngazi, anatoboa ukuta kwa mashine ili atundike rafu.

"Karibu wifi," akasema Zambeta. "Umekuja kujifunza?"

Mama mkwe akanitazama kama ninavyomtazama samaki wa juzi. Nilisali rozari ya kamba yangu njia nzima ya kurudi. Kisha nikaanza kufikiria mpango mwingine.

Jumanne, 22 Machi

Mdogo wangu, nimeupata. Kiazi.

Kimoja tu, kilichochemka vizuri, kimepondwa na kuzamishwa ndani ya mkate. Hakionekani. Kinailainisha skordalia, inateleza ulimini kama ile ya mama yetu. Wataila, watajilamba, hawatajua wanachokipenda ni Kefalonia.

Ila dhamiri. Nikaenda kuungama. Nikamwuliza Padri Neofitos kama kuficha kiazi ni dhambi.

Akauliza: kikubwa kiasi gani?

Nikamwonyesha kwa ngumi. Akapumua. Akasema kiazi chenyewe hakina kosa, kimeumbwa na Mungu, ila nijiulize kwa nini nakificha. Nikamwambia nakificha kwa sababu wakikiona hawatakila. Akafumba macho, akanipa sala nyingi za kusoma, na nilipokuwa natoka akaniuliza kama lile rojo la njegere lilibaki.

Jumatano, 23 Machi

Natamani ardhi inimeze.

Nimetwanga mchana kutwa, mlango nimeufunga, redio ya nyimbo za kanisa juu kabisa. Mkate, lozi, kiazi changu, kitunguu saumu cha kukisia kwa macho. Mafuta nimeyamimina kama uzi. Ilitoka nyeupe, inang'aa. Nikaifunika kwa leso safi, nikampelekea mama mkwe aonje na kukata shauri. Zambeta alikuwapo, bila shaka.

Mama mkwe akachovya kidole. Akakiinua. Kidole kikasimama njiani.

"Garifalia, leo siku gani?"

Jumatano. Jumatano ya mfungo, siku isiyo na mafuta! Mimi niliyefunga tangu nikiwa mtoto, mimi ninayemsema Sarantis akitia mafuta kwenye maharage. Tamaa imenifuta kalenda kichwani.

Zambeta akacheka mpaka akashika meza. "Mama, mshukuru Mungu. Wifi anataka ufike motoni ukiwa na bandeji."

Mama mkwe akafuta kidole kwenye leso yangu, taratibu, kama anayefuta mtoto. Nililia njia nzima, na si mbali, ni uani tu.

Bakuli sikulitupa. Chakula ni neema. Nimeliweka chini kwenye ghala, penye baridi.

Alhamisi, 24 Machi

Keti kwanza, Gerasimoula. Nimechaguliwa.

Mama mkwe alituita sote wawili baada ya kahawa. Nilikwenda kama anayekwenda kuzikwa. Akasema ametusikiliza tukitwanga juma hili, hata redio yangu haikumzuia, maana kwa mkono mmoja hana kazi nyingine. "Zambeta anatwanga kama mtu mwenye haraka ya kumaliza. Wewe, binti, unatwanga kwa hasira. Kitunguu saumu kinataka hasira."

Nikambusu mkono, ule mzima. Akaongeza: mkate, lozi, siki, mafuta, kitunguu. Na akanikazia macho. Nikasema ndiyo, mama.

Zambeta atakaanga samaki. Alinuna mpaka mchana, kisha akaja kwangu bila kuitwa, akaketi, akaanza kumenya lozi. Akaniambia nimekonda. Akasema nile. Nikamtilia shaka. Lozi alizimenya vizuri lakini, siwezi kumdhulumu.

Ijumaa, 25 Machi

Ee Mama wa Mungu, siku yako nimeifanya nini.

Nilianza kutwanga kabla ya kengele. Kinu cha mama mkwe, mchi wa mama mkwe, wanawake wakipita wanachungulia na kunisalimu kwa jina. Kiazi sikutia. Niliogopa yale macho. Kuonja sikuonja, kwa kuwa nilikuwa nikiingia kupokea Komunyo, na kabla ya kupokea hata maji sinywi. Nilitegemea pua, na pua yangu kwa juma zima lile ilikuwa imekufa.

Kengele inalia, nafuta mikono, nikaona basi linapanda. Watu wa kijiji cha ng'ambo, wote! Padri wao anaumwa, wamekuja kusali kwetu, na kula kwetu. Mkate wangu uliolowekwa umekwisha. Skordalia haitoshi hata nusu yao.

Nikalikumbuka lile bakuli ghalani.

Mdogo wangu, wewe unajua, na mimi ninajua, kitunguu saumu kilichotwangwa hakilali. Kinakesha kikinoa makali. Lakini waimbaji walikwisha kuanza. Nikamimina, nikakoroga, nikakimbilia kanisani nikiwa nanukia kama shamba.

Baada ya Liturujia tukaketi mezani. Samaki wa Zambeta wa dhahabu. Skordalia yangu katikati, na zeituni. Mwenyekiti wa kijiji akasimama na hotuba yake ya siku ya taifa, ambayo nayo ni leo, ile ile ya kila mwaka, ya mashujaa wetu. Mwaka jana watu walisinzia. Leo, alipofika kwenye neno "damu", meza ya kwanza ilikwisha kuchovya.

Wakaanza kulia. Mmoja, kisha meza nzima. Wazee wasiotoa chozi miaka nenda rudi, mashavu yamelowa. Wageni wanapiga kifua. Mwenyekiti akatazama, sauti ikamtetemeka, akalia naye, na badala ya kumaliza akarudi mwanzo wa hotuba. Nilikuwa nimesimama na jagi la maji. Nikajua. Nikaonja. Ilikuwa kama kulamba pasi ya moto.

Haikutosha. Zambeta, mezani kando ya mama yake, akainua uma. Juu ya uma, donge. La manjano. Sikuwa nimekiponda kiazi vizuri Jumatano ile.

Mama mkwe akauliza ni nini hicho.

Zambeta akalitazama donge. Akanitazama mimi. Kisha akalitia kinywani, pamoja na skordalia yote iliyoling'ang'ania, akatafuna, akameza, macho yanamtoka.

"Mkate, mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekabwa. "Haujalowa vizuri."

Mama mkwe akapiga funda la divai. Akafuta machozi kwa bandeji. Akasema ametwanga maisha yake yote na hajawahi kumliza hata paka. Kisha akasogeza sahani, akaomba aongezewe.

Hapo ndipo Stelios wa mkahawa, anayeitwa Kwato, akapaza sauti kutoka meza ya mwisho: "Nani katwanga? Mliza-Taifa?" Uwanja wote ukaangua kicheko. Hapa mtu wa kijiji ana jina lake la utani, hakuna asiye nalo. Mgeni ndiye huitwa kwa alikotoka. Watu walipokuwa wanaondoka walinipita mmoja mmoja, macho mekundu: kwaheri, Mliza-Taifa. Mungu akuzidishie, Mliza-Taifa. Mmoja wa kijiji cha ng'ambo akamwuliza mwenzake mimi ni wa wapi. Akajibiwa: wa hapa hapa.

Nilijificha nyuma ya kanisa nikalia vizuri. Si kwa sababu ya kitunguu.

Jumamosi, 26 Machi

Sarantis amelala ameelekea ukutani, anadai ni kwa ajili ya mgongo. Mimi nimeamka na akili safi, nimelipima jambo lote mbele za Mungu, na nimeona kosa lilikuwa wapi.

Kiazi kilikuwa kidogo.

Kingekuwa kikubwa zaidi kingeyameza yale makali yote. Na ningeviweka viwili, wala pasingetokea donge, maana viwili unavitwanga kwa makini. Padri aliuliza ukubwa, nami sikumsikiliza. Ndiyo maana tunaambiwa tuwasikilize mapadri.

La pili ni Zambeta. Kwa nini alimeza? Nimewaza tangu alfajiri. Mtu hamezi donge lile bure. Ameliweka akiba tumboni, alitoe Jumapili ya Matawi, samaki watakaporuhusiwa tena na mchi utakapotafutiwa mwenyewe. Leo asubuhi amekuja na bakuli la bitiruti, siki na kitunguu saumu kiasi tu, amenikumbatia, amesema tangu jana ametapika mara moja na anajisikia vizuri. Akaniita dada. Wifi hakuwahi kuniita dada! Hapo nikajua hatari ni kubwa. Bitiruti nimezila zote, ni tamu mno, na nimemrudishia bakuli likiwa na machungwa, asije akashtuka.

Nitamtangulia. Viazi vya Matawi nitavichemshia nyumbani kwa padri, ambako Zambeta hawezi kunusa. Padri bado sijamwambia, lakini rojo la njegere liko jikoni linachemka.

Basi mdogo wangu, msalimie shemeji, na Mungu awalinde. Nijibu upesi, tafadhali, uniambie mama yetu alikuwa anatia viazi vingapi.

Dada yako,
Garifalia